Jicho Kwenye Ubao wa Kutundikia Nguo

Mke wa fundi cherehani alikuwa ametoka kwenda kununua zipu, na bado sauti yake ilisikika nyuma ya pazia ikitaja vipimo.

Mungu atusitiri sote. Huyo fundi watu walimwita Macho Chini, maana mteja wa kike akiingia, yeye huinamia cherehani mpaka pua iguse sindano. Kupima wanawake ilikuwa kazi ya mkewe: huingia na mteja kwenye kichumba cha nyuma, huvuta pazia, hutaja namba kwa sauti, na fundi huziandika kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe. Hata waume wenye wivu waliwaleta wake zao pale kwa moyo mweupe. Hawakujua kwamba kwenye ubao wa kutundikia nguo mle ndani fundi alikuwa amechomeka kamera ndogo kuliko kifungo cha shati, na macho yale yaliyoinama yalikuwa yakitazama simu mapajani.

"Kiuno ishirini na sita," sauti ikasema. "Bega kumi na nne. Shingo kumi na tatu."

Fundi alivuta pazia. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya kitambaa kilichoungua, na pasi ilikuwa baridi. Akatazama simu. Humo alisimama mwanamke aliyeelekeza uso ukutani, nywele zimemfika visiginoni, akizungusha utepe wa kupimia kwenye mwili usiokuwepo. Vile vipimo fundi alivijua. Vilikuwa vya bintiye.

Hajakaa sawa, mkewe akaingia na binti mwenyewe, aliyekuja kupimwa gauni la harusi.

"Baba, leo usininyime mikono mirefu ukasingizia kitambaa kimeisha!"

"Njoo kesho, mwanangu."

"Kesho gani, wakati wakwe wanasubiri?" mkewe akadakia. "Na wewe, mbona jasho hivyo? Tangulia ndani, mama, niokote pini hizi zilizomwagika."

Fundi alitaka kusema. Lakini akiulizwa amejuaje? Kwa aibu akainamia cherehani, na pazia likafungwa.

"Mama," binti alicheka kule ndani, "mikono yako baridi leo."

Mama yake alikuwa bado amechuchumaa miguuni pa fundi, pini kiganjani.

"Anaongea na nani?" akanong'ona.

Alikimbilia ndani, akamkuta mwanawe peke yake, macho yamemtoka, hewa haipiti, vidole vinakwangua shingo, na yeye akapapasa huku na kule bila kugusa kitu, akilia kwamba haoni kinachomkaba mtoto, haoni kabisa, huku fundi nje akiuona kwenye kioo cha simu ule utepe ukizidi kukazwa na yule mwanamke akigeuza uso taratibu kuelekea kamera, kama mtu aliyejua siku zote ni nani anayemtazama.

"Yuko mgongoni kwake!" fundi alipiga kelele. "Upande wa kushoto!"

"Mbona simwoni?"

"Mimi namwona."

"Unamwona wapi, mume wangu, nawe uko nje?"

Hapo ndipo alipofungua pazia na kumpa simu.

Mke alitazama ile picha. Akaona mle chumbani, akajiona na yeye mwenyewe, akainua macho kwenye ubao. Akamtazama mumewe mara moja tu. Kisha akaanza kusoma aya kwa sauti, akishika pale simu ilipomwonyesha, akavuta kwa nguvu zote, na utepe ukaanguka. Binti akavuta pumzi.

Walitoka wameshikana. Fundi alipiga magoti.

"Nisameheni. Shetani ali—"

"Usimsingizie shetani," mkewe alimkata. "Wake za watu, Macho Chini? Ngoja nijue ni akina nani, nikawaombe radhi."

Akafungua video zilizohifadhiwa. Hapakuwa na mteja hata mmoja. Zote zilikuwa za fundi: fundi amelala, fundi anaoga, fundi amesujudu, zimepigwa kwa karibu mno, na kila moja ilikuwa na pumzi nzito isiyokuwa yake.

"Hizi nani kakupiga?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi alifumbua kinywa ajibu. Akaona binti yake ameacha kulia. Hakuwa akiitazama simu, wala hakuwa akimtazama yeye. Macho yake yalikuwa juu kidogo ya bega la baba yake, na mama yake, polepole, alikuwa akimrudisha nyuma kuelekea mlangoni.