Nilipona Ukoma, Nikakuta Nimeshafanyiwa Matanga

Ndugu wasomaji, mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu... hicho kitu sikijui vizuri, maana mama alinizaa mwaka wa nzige na nzige hawakuacha tarehe. Natokea huku Tabora, vijiji vya kuelekea Ulyankulu. Shule sikuiona hata dirishani. Haya nimeyasema kwa mdomo, kuna mtu ameandika, na huyo nitamtaja mwisho. Kijiji kizima kinajua napenda kuongeza chumvi. Ila hapa nimeongeza kwenye nyuki tu. Kwenye machozi sijaongeza.

Kazi yangu ilikuwa kurina asali. Nchi imepata uhuru juzijuzi, nami ni kijana, nina mke wangu Kalunde na binti yetu Milembe, ana meno mawili tu. Basi siku moja niko juu ya mti, mkono uko ndani ya mzinga, nyuki wamenijaa mpaka kwenye kiwiko kama sweta. Na siumii! Nikashuka nacheka. Nikawaambia watu babu amenitokea ndotoni, amenipa dawa ya nyuki. Wakaamini. Warina asali wakawa wanatoka mbali kuja kuutazama mkono wa Maganga. Nyuki milioni moja, nawaambia, na mimi natulia kama gogo.

Kumbe mkono ulikuwa umekufa...

Doa lilikuwepo begani siku nyingi, jeupejeupe, haliwashi wala haliumi. Nani anakwenda hospitali kwa kitu kisichouma? Nikaendelea kujisifu, mpaka jioni moja tunaota moto Kalunde akauliza nani anachoma nyama. Vilikuwa vidole vyangu.

Ukoma. Siku zile ukilitaja neno hilo watu wanasogeza vigoda. Mdogo wangu Mihambo ndiye alinipakia kwenye baiskeli, akanipeleka kambi ya wakoma ya wamisheni, mbali, tukalala njiani. Kwenye kuagana alilia kuliko mimi. "Kaka," akasema, "tukishavuna mtama nakuja kukuona."

Mtama ukavunwa. Ukavunwa tena. Mihambo hakuja.

Kambini nilimeza vidonge vya kujaza gunia. Vidole vya mkono wa kulia vikaniaga kimoja kimoja. Milembe nikawa namlea kwa mawazo, leo nampa jino, kesho namfundisha kutembea. Jioni mwinjilisti wetu, naye mkoma, alikuwa anatusimulia habari za Yesu. Niliipenda ile ya mkoma aliyepiga magoti, Yesu akanyoosha mkono akamgusa. Wenzangu walifurahia pale alipopona. Mimi nilikuwa nalia pale alipoguswa. Si angeweza kumponya kwa maneno tu, amesimama mbali? Kwa nini amguse? Sikuelewa, mpaka yaliponikuta yangu.

Miaka ikaenda. Siku ikafika mganga wa kambi akanipima, akasema nimepona, siambukizi mtu, niende kwangu. Nilitembea mwendo ambao hata twiga angeomba tupumzike.

Nikafika kwetu, na kwetu hakuna! Nyumba zimeezuliwa, kuta zimelala chini, boga limetambaa mpaka pale kilipokuwa kitanda changu. Nikadhani dunia imekwisha, wenzangu wamenyakuliwa, nimesahauliwa mimi. Mpita njia wa baiskeli ndiye aliyeniambia serikali imehamisha watu wote, wako kijiji cha ujamaa, kule barabarani. Nikamkumbuka yule aliyepooza, Yesu akamwambia abebe godoro lake aende nyumbani. Sawa. Mimi godoro ninalo. Nyumbani ndiko hakuna.

Nikakikuta hicho kijiji, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Mwanamke wa kwanza kuniona alitupa ndoo akakimbia. Wa pili hakusubiri hata kuniona vizuri. Nikauliza kwa Kalunde, nikaonyeshwa kwa mbali. Nikabisha hodi... akatoka Mihambo. Kifua wazi, mtoto mchanga begani. Nyuma yake Kalunde, ameshika mdomo.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshakufa! Mihambo alikuwa amewaambia watu nimefia kambini na nimezikwa hukohuko. Wakanyoa nywele, wakakaa matanga, wakala ng'ombe wangu. Kisha mjane akarithiwa na ndugu wa marehemu, kama desturi. Mnamkumbuka Lazaro? Alipotoka kaburini dada zake walifurahi. Lakini hakuna aliyetusimulia kama alikuta kitanda chake kina mtu.

Mihambo hakukana. Akaniambia, macho chini, kwamba majirani walitaka kuichoma nyumba, na Kalunde alikatazwa kisima. "Nilipowaambia umekufa, kaka, siku ileile wakamruhusu kuchota."

Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine alikuwa nayo begani, inanyonya kidole.

Wakanipa kibanda mwisho wa mstari. Chakula kinawekwa juu ya jiwe, aliyekileta anakohoa nisikie, anaondoka. Kanisani benchi nililokalia lilikuwa langu peke yangu, ningeweza hata kulala. Nikawaeleza kwamba nimepona. Wakaitikia, "Mungu ni mwema," wakarudi nyuma hatua.

Na walikuwa na adabu! Hiyo ndiyo iliniua. Mimi niliyezoea kutaniwa na kijiji kizima, sasa naambiwa "pole sana, Maganga" kutoka ng'ambo ya barabara. Milembe, msichana mkubwa sasa, akipita anageuza uso. Alikwishaambiwa baba yake amekufa, na kama huyu ndiye baba, basi asimguse. Wasomaji, vidole havikuniuma vilipokatika. Huo uso uliniuma.

Nikashindwa. Nikarudi kambini kwa miguu, nikamwomba mganga anipokee nikae palepale mpaka nife. Akaniangalia kwa huruma. "Maganga, hapa ni pa wagonjwa. Wewe mzima."

Mmewahi kusikia mtu amefukuzwa na ukoma? Wazima hawanitaki kwa kuwa mgonjwa, wagonjwa hawana nafasi yangu kwa kuwa mzima. Nilikaa chini njiani, nikamwambia Mungu kwamba kama kuponya kwenyewe ndiko huku, angeniacha tu. Siku hiyo sikutania.

Nikarudi kijijini kwa kukosa pengine pa kufia.

Ikawa Jumapili. Ibada imekwisha, watu wako nje wanakunywa togwa, mimi niko ukutani peke yangu na kata yangu ya kunywea. Ilikuwa imefungwa kamba nyekundu isichanganyike na za wenzangu. Ndipo akaja Kibwana.

Kibwana ni Mzaramo, seremala wa Tabora mjini, Mwislamu wa swala tano. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu wanabeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kurudi. Na mtani msibani ana haki yake, anamkejeli marehemu, anachukua nguo yake, hakuna wa kumkataza. Kwenye matanga yangu alichukua koti. Alikuwa amesikia habari zangu mjini, akapanda baiskeli, na koti lenyewe kalivaa.

Akasimama mbele yangu. Watu wakageuka.

"We maiti," akasema, "nani kakuruhusu kutoka?"

 

"Si nakuuliza? Mimi nimekulilia, nimegaragara mpaka nimechubuka goti, kumbe uko huko unashiba ugali wa misheni. Mnyamwezi bwana, hata kufa anaanza tu, kumaliza hawezi."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Nikamwambia, "Koti langu."

"Hili la marehemu. Sema mbele ya watu kwamba wewe ni marehemu, nikupe."

"Limekubana tumbo, Mzaramo. Umelinenepea kwa nazi."

Hapo akachuchumaa. Akaushika mkono wangu, huu wenye vibutu vya vidole, akaugeuzageuza kama mbao anayotaka kuinunua. "Na vingine? Umewaachia nyuki?" Kisha akaichukua ile kata ya kamba nyekundu, akaweka mdomo palepale nilipoweka wangu, akanywa yote. Akajifuta.

"Togwa yenyewe mbaya. Ndiyo maana ulikufa."

Kijiji kizima kikacheka. Mimi nikalia kama mtoto, kamasi mpaka kidevuni... Tangu nipelekwe kambini hakuna aliyenigusa ila mganga. Ndipo nikaelewa kwa nini Yesu alinyoosha mkono. Ngozi unaweza kuiponya kwa neno, au kwa vidonge. Mtu mwenyewe hatoki kaburini mpaka mwenzake amshike. Na aliyenihubiria Injili hiyo alikuwa anawahi swala ya adhuhuri!

Sisemi wote walikuja. Wengine walikaa mbali mpaka wakafa. Lakini Milembe alitoka kwenye kundi la wasichana, akaichukua kata, akaenda kuijaza, akarudi. Hakuiweka kwenye jiwe. Akanipa mkononi.

"Shikamoo, baba."

Nikaishika kata kwa mikono miwili. Kibwana akaitikia badala yangu, "Marahaba. Maiti inashukuru."

Kalunde hakurudi kwangu, alikuwa na watoto wa Mihambo, ningewapeleka wapi? Na Mihambo, nilimsamehe? Nilimsamehe kama nilivyomeza vidonge, kila siku, na kila siku vichungu. Petro alitaka kujua asamehe mara ngapi. Mimi hesabu sijui, na hiyo imenisaidia. Mwishoni alipougua yeye, nilimlisha uji kwa mkono huuhuu. Akaunywa.

Nawasihi, ndugu wasomaji. Doa lisilouma lipelekeni hospitali mapema, msijisifu kama mimi. Msimfanyie matanga mtu anayepumua, hata kama majirani wamekamata viberiti. Na mgonjwa wenu akirudi amepona, msimwekee chakula kwenye jiwe. Kaeni naye, mle naye sahani moja, mumtukane kidogo.

Aliyeandika haya ni Milembe. Kwenye nyuki milioni moja alibisha, akasema aandike "wengi". Nikamwambia milioni. Tulipofika kwenye ile "shikamoo, baba", kalamu ilisimama. Akasema anakwenda kuangalia mboga jikoni.

Jiko lenyewe hatujawasha.