Ribiti ya Nne

Shuka la mama lilianza kunuka dizeli siku ya Jumanne, na aliyecheka wa kwanza alikuwa mwanawe mwenyewe.

“Mama, umeanza kunifuata gereji kimyakimya?” alimtania, kikombe cha chai mkononi. “Kama unataka kazi sema tu, nikutafutie ovaroli.”

Mama hakucheka. Alikuwa anajinusa viganja, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyeazimwa mikono.

Mwanawe alikuwa fundi, na mtaani walimwita Bingwa. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, akalirudia mpaka watu wakachoka kubisha. Tusimnyime haki yake, kazi aliijua. Shida ni kwamba mdomo wake ulikuwa unafika kazini kabla ya mikono.

Siku chache nyuma, mkulima mmoja mzee alimletea trekta kuukuu, lenye umri wa kumshinda hata mama wa Bingwa, alifufue: injini, tairi, rangi. Sharti lilikuwa moja. Ubavuni mwa injini palikuwa na kibati cha namba, ukubwa wa kiganja, kimeshikwa na ribiti nne, vile vijisumari vifupi vya kugongelea bati.

“Paka rangi kote,” mzee alisema. “Hiki usikitoe. Kizibe kwa karatasi, upite.”

“Mzee wangu, kuziba kwa karatasi ni kazi ya wapaka kuta. Mimi nikipaka, napaka mpaka chini ya ukucha.”

“Usikitoe,” mzee alirudia, sauti imeshuka, jicho moja kwenye trekta kama mtu anayeogopa kusikiwa.

Mzee hajafika hata barabarani, Bingwa ameshashika msumeno. Ribiti tatu alizitoa kistaarabu: alizichonga mfereji kichwani, akazizungusha kwa bisibisi taratibu, zikatoka nzima. Ya nne ilikaidi. Akaitia drili mpaka ikawa unga, akaupuliza. Pumzi yake ilimrudia usoni ikiwa ya moto, ina harufu ya jasho la mtu. Akapangusa macho, akaendelea.

Kibati kilikuwa kimepinda. Ukikigonga kwa nyundo unafuta namba. Hapo ndipo alipopata wazo ambalo gereji nzima ililicheka: alikifunga kwenye kitambaa, akakipeleka nyumbani, akakilaza chini ya godoro la mama. “Mama yangu kilo anazo,” alijigamba. “Wiki moja tu, kitanyooka kama rula.”

Kweli, kilikuwa kinanyooka.

Jumatano mama alikunywa maji ndoo nzima, amesimama, bila kuvuta pumzi. Alhamisi, jua la utosi, simu ya Bingwa ililia gereji. Alikuwa dada yake, na alikuwa ananong'ona.

“Kaka, njoo nyumbani. Mama analima.”

“Analima nini? Ua wetu si saruji?”

“Njoo tu. Usinifanye niongee kwa sauti.”

Dada yake alimfungulia lango alilokuwa amelifunga kwa ndani, akarudi kuegemea ukuta, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama alikuwa uani, peku, anatoka ukuta huu kwenda ukuta ule, amenyooka, anaburuza visigino, na akifika mwisho hageuki kama watu wanavyogeuka bali anazunguka kwa mbali, duara pana, kama kitu chenye magurudumu makubwa kinachotafuta nafasi, kisha anarudi kando ya mstari wake wa kwanza, kandokando kabisa, na mistari ilikuwa mingi, imepangika, damu ya ile ya mwanzo ilishakauka kwa jua na ya mwisho ilikuwa bado inang'aa, na kutoka kifuani mwake, si mdomoni, kifuani, ulitoka mlio wa injini ya lile trekta, ambao Bingwa alikuwa ameusikiliza siku nzima ya jana kwa fahari: tuk, tuk, tuk, tuk.

Alimkamata begani. Bega lilikuwa la moto kama kifuniko cha injini. Mama alimburuza hatua sita, yeye kijana wa kubeba giaboksi peke yake, kama anayeburuza gunia tupu.

“Mgongo,” dada alinong'ona. “Mtazame mgongo.”

Gauni lilikuwa na madoa manne meusi, mawili juu, mawili chini. Bingwa hakuhitaji rula. Vipimo vile alivijua kwa vidole.

Mzee mwenye trekta aliitwa, akaja, akaona mistari ya uani, akavua kofia.

“Baba yangu alilinunua likiwa na mwenyewe ndani,” alisema. “Jini huyu hajui chuma wala nyama. Anajua namba. Namba inapolala, hapo ndipo pake, na kilicho chake hukifanyisha kazi mpaka kiishe. Trekta limevumilia. Mama yako atavumilia siku ngapi?”

Bingwa alitazama chini. Nyayo za mama yake zilikuwa zimebaki nyama.

Jioni ileile mzee alileta mganga, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya. Kibati kilitolewa chini ya godoro, kikarudishwa gereji; mama alifungwa kitandani, dada akabaki naye na simu. Mafundi wote walijipanga gereji, wakitazama. Bingwa aliweka simu juu ya boneti, sauti imefunguliwa, wasikie ya nyumbani.

Mganga alizikusanya ribiti kiganjani, akazigeuza.

“Hizi nne ndizo zilizotoka hapa?”

Mafundi wanamwangalia Bingwa. Watu ambao kila siku aliwaambia hajawahi kuharibu hata nati.

“Nisikilize vizuri,” mganga alisema, taratibu. “Zikiwa zote za kibati hiki, namfungia jini humu. Kama kuna moja si yake, niambie sasa, ninayo njia nyingine, ndefu kidogo. Ila nikishafunga kwa hizi, njia ile imekufa.”

Ribiti ya nne Bingwa alikuwa ameikata mchana ule kutoka kwenye msumari, akaipaka grisi na masizi mpaka ikazeeka. Mdomo, kama kawaida yake, ulitangulia.

“Ni zilezile. Mimi sipotezi kitu, Mganga. Uliza yeyote.”

Mganga alisoma chini kwa chini, akampa nyundo. Ribiti ya kwanza ilipoingia, simu ilipiga yowe la mama. Ya pili, yowe. Ya tatu, yowe refu lililokatika kwa kilio, kilio cha mtu, sauti ya mama yake kabisa. Bingwa akagonga ya nne kwa furaha.

Simu ilinyamaza.

Mganga aliinua kichwa, akasikiliza. “Mbona kimya?”

“Amechoka,” Bingwa alisema haraka. “Amelala. Mwacheni apumzike.”

Na kweli alikuwa amelala. Kesho yake aliamka, akauliza nani amemfunga miguu bendeji. Trekta liliondoka liking'aa, kibati kimenyooka kama rula. Wiki mbili Bingwa alitamba: jini gani, bwana, mbele ya Bingwa?

Jumanne ya tatu dada alimwita chumbani. Alikuwa anamwosha mama mgongo. Makovu matatu yalikuwa makavu. La nne, chini kushoto, lilikuwa tundu la mviringo, safi, lisilo na damu, kama lililotobolewa kwa drili. Dada aliingiza pamba, ikatoka nyeusi. Wote wawili walijua harufu yake.

Bingwa alimpigia mganga, akasema kila kitu, kwa mara ya kwanza bila kuongeza chumvi.

“Nilikuuliza mbele ya watu,” mganga alimjibu, “nikidhani utaona aibu kudanganya. Kumbe wewe unaona aibu kusema kweli.” Akakata.

Tangu hapo Bingwa halali kwake. Anakaa kwenye kigoda chumbani kwa mama, mdomo umefungwa, anautazama mguu wa kushoto wa mama chini ya shuka. Unakanyaga, unaachia. Unakanyaga, unaachia. Mama mwenyewe amelala fofofo. Ni fundi tu angeelewa kwamba kuna mtu anakanyaga klachi, anatafuta gia.

Leo alfajiri mguu ulikanyaga, haukuachia. Kifuani mwa mama kitu kikasema, chini kwa chini: tuk.