Jino la Nyuma la Kasuku

Mtoto anayeogopa mashine ya kunyolea ni kazi kubwa. Anatikisa kichwa, analia, anamwita mama yake aliye palepale. Kinyozi wetu alikuwa na dawa yake. Juu ya rafu, karibu na kioo, aliweka kopo la pipi. Mtoto akikaa kwenye kiti, alipewa pipi moja. Akitulia, aliongezwa nyingine. Wateja wadogo walimpenda kuliko walimu wao.

Aliyelipenda kopo hilo kuliko wote alikuwa binti yake mwenyewe. Alikuwa na miaka minane, na watu walimwita Kasuku kwa sababu hakunyamaza. Kila siku akitoka shule alikaa kwenye benchi la saluni. Alifanya kazi za shule, akasalimia wateja, akawauliza maswali. Na kila baada ya muda mfupi mkono wake ulipanda kwenye rafu. Baba yake alimwona, akacheka tu. Pipi ikiwa mdomoni, angalau masikio ya baba yalipumzika.

Alasiri moja alikuja mteja wa kila mwezi, daktari wa meno wa hospitali ya karibu. Nywele zake zilikuwa chache, na zilizobaki zilikuwa pembeni.

"Leo ninyoe zipi, Daktari?" Kinyozi alimtania.

"Hizohizo mbili tatu. Na usinipunguzie heshima."

Walicheka. Kinyozi alimfunika kitambaa, akawasha mashine. Alianza upande wa kulia. Kwenye kioo, Daktari alimwona Kasuku akila karoti aliyopewa na mama yake, muuza mboga. Alitafuna upande mmoja tu, kichwa kimelala begani. Kipande kilipoponyoka kikaenda upande wa pili, alifumba macho kwa maumivu.

"Zima mashine kidogo, Fundi," Daktari alisema. "Mwanangu, njoo. Mbona unatafuna upande mmoja?"

"Upande huu una shimo," Kasuku alijibu. "Lakini si kitu. Ni jino la utoto. Mama amesema litang'oka lenyewe, halafu litaota jipya."

"Hebu fungua mdomo, nione."

Daktari alimulika kwa tochi ya simu. Aliangalia kwa muda mrefu. Alipoinuka, hakuwa akitabasamu tena.

"Fundi, hili si jino la utoto. Ni jino la ukubwani."

"Haiwezekani! Jino la ukubwani huota pale la utoto linapong'oka. Huyu huko nyuma hajang'oka hata moja."

"Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea," Daktari alisema kwa upole. "Mtoto akifika kama miaka sita, meno makubwa huanza kuota nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya utoto. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha. Yanakuja kimya kimya, kama mgeni aliyepitia mlango wa uani. Yako manne, mawili juu na mawili chini. Hayo ndiyo atakayotafunia maisha yake yote. Hili likitoka, jingine haliji."

Kinyozi aliketi kwenye benchi la wateja. Kutwa nzima alikagua vichwa vya watu, hata upele mdogo nyuma ya sikio aliuona. Kinywa cha mwanawe hakuwahi kukitazama. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, lakini hawakusema na binti yake asahauliwe.

"Litapona?" aliuliza.

"Sijui bado. Mleteni kesho asubuhi. Kama uozo umefika kwenye mshipa wa fahamu, huenda tukalazimika kuling'oa."

Daktari aliondoka amenyolewa upande mmoja. Hakuna aliyeona tofauti.

Nyumbani, Mama Kasuku aliposikia habari hiyo alijishika kichwa. "Ni mimi niliyemwambia litang'oka. Mwanangu amevumilia maumivu kwa sababu yangu!"

"Hatukujua, mke wangu," Kinyozi alisema. "Sasa tumejua. Tumwombe Mungu tuwe tumewahi."

Asubuhi, wote watatu walifika hospitali. Kasuku alipanda kwenye kiti cha daktari. Mama yake alimshika mguu, maana mkono ulikuwa mbali.

"Linauma wakati gani?" Daktari aliuliza.

"Nikinywa maji baridi. Na nikila kitu kitamu."

"Halafu linaacha?"

"Linaacha."

"Huwa linauma lenyewe tu, hata kama huli kitu?"

Kasuku alifikiri. "Hapana."

Daktari alilipiga jino picha ya eksirei. Aliitazama, akaitazama tena. Kinyozi alijaribu kuusoma uso wake, akashindwa. Kisha Daktari aliwageukia.

"Mmewahi," alisema. "Shimo ni kubwa, lakini halijafika kwenye mshipa. Nitalisafisha na kuliziba. Jino hili linabaki."

Mama Kasuku alilia waziwazi, bila aibu. "Asante, Daktari. Asante sana, baba."

Kasuku alipigwa sindano ya ganzi, na mdomo ukawa mzito. Daktari alifanya kazi yake taratibu. Alipomaliza, aliwaketisha wazazi.

"Anakula pipi ngapi?"

Kasuku alijibu mwenyewe, kwa ulimi mzito. "Moja."

"Moja kwa siku?"

"Moja moja. Mpaka jioni."

Kinyozi aliinamisha kichwa.

"Basi tumempata mwizi," Daktari alisema. "Kinywani kuna vijidudu. Vikipata sukari, hutoa asidi inayolainisha jino. Mate hulitengeneza tena, lakini yanahitaji muda. Pipi ikifuata pipi, jino halipumziki. Chai yenye sukari na soda ni hivyohivyo. Akitaka kitamu, ale pamoja na chakula, yaishe. Katikati anywe maji."

"Lakini sisi tunapiga mswaki kila asubuhi," Mama alisema.

"Vizuri. Na kabla ya kulala?"

Mume na mke walitazamana.

"Mswaki wa kabla ya kulala ndio msiokose kabisa. Ukilala, mate hupungua, na vijidudu hufanya sherehe. Tumieni dawa ya meno yenye floraidi. Huyu inamtosha kiasi cha punje ya njegere. Asugue kwa mswaki taratibu, ndani, nje na juu, mpaka jino la mwisho. Ateme povu, lakini asisukutue kwa maji. Dawa ibaki ikilinda meno. Na akishapiga mswaki, asile kitu tena. Kila mtu awe na mswaki wake. Ukichakaa, ubadilishwe. Na msisubiri maumivu ndipo mje kwangu."

"Nimwache apige mwenyewe?" Mama aliuliza.

"Aanze yeye, mmalizie ninyi. Mkono wa mtoto huwa na haraka ya kwenda kulala."

Siku ileile Kinyozi aliliosha lile kopo, akatia vitana vyake ndani. Mtoto wa kwanza aliyekosa pipi alipiga kelele hadi wapita njia wakachungulia. Kinyozi alimpa kioo kidogo cha mkono. "Nisimamie kazi. Nikikosea, niambie." Mtoto alinyamaza akawa msimamizi. Alikuwa mkali, lakini alitulia.

Mwezi uliofuata Daktari alikuja saluni kama kawaida. Kinyozi alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Daktari, ulikuja kunyoa, ukaniokolea jino la mwanangu. Sina neno kubwa kuliko asante. Nakushukuru, na mama yake anakushukuru."

"Nimefurahi. Basi leo ninyoe na upande wa pili."

Kasuku sasa alitafuna pande zote mbili. Mama yake alimsikia akivunja karoti kwa meno, akaacha kukata mboga ili amsikilize vizuri. Moyoni alishukuru kusikia sauti ile.

Kila usiku walipiga mswaki pamoja. Kinda, kitinda mimba wao aliyekuwa akikaribia miaka sita, alisuguliwa na mama. Jioni moja Mama aliacha kusugua. Nyuma kabisa, kwenye ufizi, kulikuwa na kitu cheupe.

"Baba Kasuku, njoo! Limeota!"

Kinyozi alikuja na povu mdomoni. Kasuku alimpita baba yake. Walichungulia wote.

"Hilo ndilo!" Kasuku alisema. "Hilo haling'oki, Kinda. Hilo ni lako kabisa!"

Mama alifuta macho kwa kiganja. Safari hii walikuwa wamelipokea.

Kinda aliutoa mswaki mdomoni. "Mama, litakaa mpaka lini?"

"Mpaka uwe bibi mzee, mwanangu, tukilitunza."

Kinda alifikiri kidogo. Kisha akafungua mdomo, wazi kabisa.

"Basi sugua tena."