Meza ya Jemadari

Asubuhi ya kwanza tu, meza iliamka imeloa. Firmin akatazama dari, dari kavu. Akamwambia mkewe Léocadie kwamba mbao za kizamani hutoa jasho, na mke akamjibu kwamba labda imeshachoka kubeba makosa ya mafundi.

Utani huo ulimchoma, maana Firmin alikuwa fundi asiyekosea. Mtaa mzima wa Joubert Park ulimjua hivyo, kwa maneno yake mwenyewe. Ukimlalamikia kwamba mkono mmoja wa koti ni mrefu, anakwambia unyooshe bega. Dada mmoja alirudisha gauni lililombana akaambiwa apunguze kula fufu. Kufumua mshono, kwa Firmin, ilikuwa sawa na kuvuliwa suruali sokoni.

Meza aliinunua mtaa wa Kensington, humo humo jijini, kwenye duka la vitu vikuukuu, mwaka ule wa 2018 wazungu walipokuwa wakiadhimisha miaka mia tangu vita kuu vya kwanza viishe. Muuzaji alimsifia kwamba ilikuwa ya jemadari aliyekwenda Tanganyika kupigana na Wajerumani, na ramani zake zote alizitandaza hapo. Kweli ilikuwa na vitundu vya pini kila mahali. Firmin aliangalia urefu tu. Vita ni vyao, akasema, meza ni yangu, na kitenge kitalala vizuri.

Ikapandishwa hadi ghorofa ya tatu, ikawekwa kwenye chumba ambamo familia ilishona, ilikula na kulala.

Kazi ya kwanza juu yake ilikuwa sare za kwaya ya kanisa, kwaya ambayo Léocadie mwenyewe aliimba. Firmin alitandika vitenge jioni, na asubuhi akakuta vimeshachorwa chaki. Mstari mmoja ulijipinda kama mto. Mwingine ulikwenda moja kwa moja kuufuata, ukafika ukingoni, ukakatika. Fundi mwingine angeuliza nani kachora. Lakini kwa mafundi, palipo na chaki ndipo mkasi hupita, na Firmin hakutaka kukiri kwamba chaki ile si ya mkono wake. Akakata.

Jumapili kwaya ikazivaa, na zilikaa ajabu, hata wale wenye husuda walisifu. Kabla ya mahubiri kwisha, wanamama wote walikuwa wameshika shingo. Waliozivua wakapona. Léocadie hakupona, maana yeye alirudi kulala pale meza ilipo.

Shingo yake ikaanza kuzama mabegani kana kwamba kuna kitu kizito kimewekwa utosini. Miguu ikavimba, nyayo zikapasuka kama za mtu aliyetembea matopeni. Alikula na hakushiba, na kila alipokula alikonda. Kliniki hawakuona ugonjwa. Mtoto wao Exaucé akapelekwa kwa shangazi yake asimwone mama yake akiyeyuka.

Kisha ikaja harufu, ya unga uliovunda na majivu yaliyonyeshewa, ikatoka chini ya meza na kuingia kwenye nguo za wateja. Na nyuma ya harufu zikaja sauti, kwanza kikohozi kimoja ukutani, halafu viwili, halafu nyayo tupu zikikanyaga matope juu ya sakafu ya saruji, nyayo zisizokwenda mahali, zikiinuka na kushuka papo hapo kama watu waliosimamishwa njiani na mizigo kichwani wakingoja neno ambalo aliyepaswa kulisema hakulisema.

Léocadie alimwomba mumewe airudishe meza. "Papa Exaucé," alinong'ona, "mimi ninakwisha."

"Ni homa tu," Firmin akasema. "Kabla ya mvua tutakuwa tumemaliza."

Wakatazamana. Firmin mwenyewe hakujua ni mvua ipi aliyoisema.

Jirani yao Orpha, msusi mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, ndiye aliyemtajia Mwanaasha, mama wa Tabora aliyeishi jengo la ng'ambo ya barabara na kutibu kwa ubani na dua. Mtu wa kwaya kumwita mganga Mwislamu! Firmin alimpitisha ngazi za nyuma, alasiri ya radi, amembebesha vitenge aonekane mteja. Jengo zima lilikuwa limeshajua.

Mwanaasha alifukiza ubani, akakaa nyuma ya Léocadie, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Nyinyi ni kina nani?"

Kinywa cha Léocadie kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu mmoja. "Wapagazi."

"Mko wangapi?"

"Hatukuhesabiwa. Ilihesabiwa mizigo."

Mvua ya mawe ikagonga dirisha. Sauti ikaendelea polepole, ikaeleza kwamba jemadari alipima kwa vidole juu ya meza hii, kutoka kambini hadi mtoni vidole vinne, akasema watavuka kabla ya masika. Wasaidizi wake walimwonya kwamba mawingu yameshafunga. Akawajibu kwamba hajawahi kukosea. Mezani mto ulikuwa mstari. Wao waliukuta umemeza bonde zima. Chakula kikaisha wakingoja agizo la kurudi, na yeye akaona aibu kulitoa.

"Mnataka nini?" Mwanaasha akauliza.

"Agizo."

"Kwenu ni wapi?"

"Ziwani. Uvira."

Firmin akainua uso, maana Uvira ni kwao yeye.

"Mwenye meza ndiye jemadari wao sasa," Mwanaasha alisema bila kufumbua macho. "Fundi, chukua chaki. Anzia mtoni, pale vitundu vya pini vilipojipinda, uishie kwao. Kisha uwaambie waifuate. Na uangalie sana, baba, ubani ukizimika agizo halitoki mara ya pili."

Firmin akainama. Njia aliijua, nani asiyeijua njia yake? Lakini aliijua kwa upande mmoja. Tangu alipokuja huku kusini hakuwahi kurudi. Njia ile aliisimulia kwenye foleni za vibali vya wakimbizi, mwaka hadi mwaka, kila ofisa akitaka ianzie mwanzo, hata ulimi ukaikariri kama sala. Mkono nao ukafuata ulimi. Uvira. Kigoma. Mbeya. Chaki ikapita juu ya mto, ikateremka Malawi, ikakata Msumbiji, ikasimama pembeni, pale mkasi wake ulipolala.

"Fuateni chaki," akasema.

Zile nyayo zikageuka zote kwa pamoja, zikatoka. Shingo ya Léocadie ikanyooka. Akaomba chai.

"Umeanzia mtoni?" Mwanaasha akauliza.

Firmin akaitazama meza, na akaona kwamba ameanzia Uvira, akaishia kwake mwenyewe. Neno moja la kuungama lingetosha, mama yule alikuwa bado yupo na ubani bado unawaka. Akaufuta mstari kwa kiganja.

"Ndiyo," akasema. "Mimi sikosei chaki."

Léocadie akanenepa, akarudi kwaya. Exaucé akaletwa nyumbani. Kisha binamu yake Firmin akatuma sauti kwa WhatsApp kutoka Uvira, kwamba watu wengi wasioonekana wamesikika wakipita kando ya ziwa kuelekea kusini. Baadaye rafiki wa Mbeya akasema hivyo hivyo. Halafu Herménégilde, Mrundi aliyeuza viatu, akarudi kutoka Malawi akisimulia kwamba barabarani palinuka unga uliovunda na basi lilisubiri muda mrefu, dereva akidai kuna msafara unapita. Na msafara uliongezeka, maana ulikuwa umepita mtoni na kuwachukua wale waliobaki majini.

Firmin alikimbia ng'ambo kumwungamia Mwanaasha. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akaanza kufunga mizigo yake mwenyewe.

"Ungeniambia siku ile, baba," alisema. "Sasa wa nyuma wanawasukuma wa mbele."

Jumamosi, mchana mkavu usio na wingu, Orpha alikuta maji ya matope yakipanda ngazi, si kushuka, kidato kwa kidato. Alijifungia. Ukutani alisikia mizigo ikigongana kutoka mlango wa chini hadi ghorofa ya tatu, na vikohozi visivyo na idadi.

Ndani, Léocadie alikuwa anapika. Shingo yake ikazama taratibu. Akaweka mwiko chini, akamgeukia mumewe, na nyuma yake Exaucé, ambaye hakuwahi kujua Kiswahili zaidi ya salamu, akafungua kinywa pamoja na mama yake.

"Jemadari," wakasema, "tumefika. Tutue wapi?"