Uji Uliomwagwa Kwenye Sinki

Kila asubuhi kabla ya shule, Jerono alitoka Kibomet na jagi la uji, akapitia hospitalini alikolazwa nyanya yake kwa homa ya mapafu. Siku ya tano alimkuta mjomba wake, Kipkemei, ameshatia blanketi na viatu vya mgonjwa kwenye mfuko.

"Mashine ya kupukuchua mahindi inafika kwetu Kamukuywa kesho," mjomba alisema. "Mama asipokuwepo, vibarua watatuibia. Sista akikuuliza, sema amekula."

"Lakini hali kitu, Mjomba. Tangu juzi namwaga uji kwenye sinki vile uliniambia."

"Si umwage na leo? Ama unataka alale hapa hadi Krismasi?"

Nyanya alifumba macho. "Fanya hivyo, mtoto. Nimechoka na kitanda cha watu."

Jerono aliumwaga kwa hasira.

Sista Agneta, muuguzi wa wodi, alikuja na faili. "Daktari anataka kujua kama anaweza kwenda nyumbani. Amekula?"

Mjomba alikohoa.

"Amemaliza yote, sista," Jerono alijibu, akiangalia sakafu.

"Vizuri. Basi Nyanya, twende mpaka mlangoni turudi."

Walipofika kitanda cha tatu, magoti ya Nyanya yalilegea. Jerono alimdaka upande mmoja, sista upande mwingine. Midomo ya mgonjwa ilikuwa imebadilika rangi. Sista alimketisha, akambana kidoleni kwa kifaa cha kupima hewa kwenye damu, akaagiza oksijeni.

"Mtu aliyekula siku tatu haanguki hivi," alisema kwa sauti ya chini, kali. "Uji ulienda wapi?"

"Ati sasa mnatuhoji kama wezi?" mjomba alifoka. "Mgonjwa wetu tunamjua sisi, bana."

"Nilimwaga," Jerono alisema. "Ni wewe uliniambia, Mjomba. Angeanguka huko kwa mahindi, nani angemletea oksijeni?"

Mjomba alirudisha blanketi kitandani bila kumwangalia mtu.

Nyanya alikaa siku sita zaidi. Siku ya kuruhusiwa alitembea hadi mlangoni na kurudi, akinung'unikia mahindi yake njia nzima.

Sista Agneta alimwita Jerono kando. Hata sasa hakutabasamu.

"Mimi sioni ndani ya tumbo la mgonjwa. Naandika unachoniambia, na daktari anaamua kwa hicho. Ukinidanganya, anayeumia ni aliye kitandani. Umeelewa?"

"Nimeelewa, sista."

"Haya. Leo amebakisha?"

Jerono alifunua jagi, akachungulia vizuri.

"Kama vijiko viwili."

Sista akaandika: viwili.