Kifuniko Kimoja cha Javeli

Harufu ya javeli ilianza siku ambayo javeli ilikuwa imekwisha nyumbani. Emerance aligeuza chupa ya ile dawa kali ya kusafishia juu chini, hata tone. Lakini chumbani, pale mwanawe Divine alipolala, harufu ilichoma macho, na sakafu ilikuwa imepigwa deki, bado mbichi, na hakuna aliyeingia.

Mama mkwe wake, Mama Odette, alicheka. "Shukuru, binti! Umepata mufanyakazi wa bure."

Kicheko kilikwisha mchana mmoja wa mvua. Divine alilia, wakakimbia, wakamkuta amelowa toka kichwani mpaka miguuni, ngozi nyekundu kama imechubuliwa, na kando yake sauti ya tambara, shwaa, shwaa, likisugua sakafu pasipo na mtu.

Mama Odette akakaa chini. "Ni yeye," akanong'ona. "Wakati wa vita, kipindupindu kilipoingia Kindu, walilaza wagonjwa humu. Mwanamuke mumoja Muislamu alikufia hapa hapa. Watu wake walikuwa wamekimbilia Pangi. Hakuoshwa, Emerance. Walimupulizia javeli kwa pompi, kama ukuta, wakamuzika."

Wakamwita Mwalimu Amani, mtoa majini. Alinusa mlangoni, hakuingia.

"Mutamuosha," akasema chini chini. "Maji ya moto, sabuni, sanda mupya mahali pa mwili wake. Mwanamuke anaoshwa na wanamuke, mimi nitasoma inje. Lakini javeli, hata tone, hapana! Akisikia ile harufu, atajua munamufukuza tena, na atachukua mutoto."

Divine wakamlaza chumba cha pili. Wakatandaza sanda sakafuni, wakaiosha kama maiti, kuume kwanza, halafu kushoto, na sauti ya Mwalimu ikipanda huko nje. Chini ya kitambaa, Emerance akagusa bega. Bega la baridi, na baada ya bega mbavu, na maji yakaanza kunuka kuhara, na yeye akawaza mikono hii, mikono hii hii ndiyo itamshika Divine, ndiyo itampa ziwa, na sabuni peke yake haiui kipindupindu, shuleni walifundishwa hivyo, na chupa mpya ya javeli aliyonunua asubuhi ilikuwa pale nyuma ya mlango, na Mama Odette alipogeuka kuchota maji, Emerance akamimina kifuniko kimoja ndani ya ndoo, kimoja tu, cha kuua vijidudu.

Bega likazama. Huko nje Mwalimu alikatisha kusoma.

"Amekwenda?" Mama Odette akauliza. Kisha akatazama sakafu. "Emerance. Sanda iko wapi?"

Chumba cha pili, juu ya kitanda, Divine alikuwa amefungwa ndani yake, fundo kichwani, fundo miguuni. Emerance alifungua kwa meno, akilia, akiita jina lake. Mtoto alikuwa anapumua. Alimtazama mama yake, akafungua kinywa kutaka ziwa, na pumzi yake ilinuka javeli.