Aliyegonga Nyuma ya Eliseo

Rafiki yangu Eliseo hapendi kuyasimulia haya, basi nayasimulia mimi.

Yeye na shemeji yake Nolberto walifuata vyuma vya reli kwenye mgodi wa La Desvelada, huko jangwani nyuma ya mji wa Copiapó, wakajengee zizi la mbuzi. Madini ya fedha yalikwisha pale zamani. Mshipa wa madini ulikutana na mwamba wa kijani, ukakatika kama kamba. Watu walichimba kuutafuta upande wa pili, dari ikawaangukia. Hawakutolewa.

"Ingia wewe," alisema Nolberto, akijinyoosha garini. "Mimi na giza hatupatani. Ukikawia nakula mkate wako."

Eliseo akaingia na mtaimbo, akigonga dari kila baada ya hatua chache, kama wafanyavyo wachimbaji wote. Ikilia kama kengele unapita, ikilia kama ngoma unarudi, maana mwamba umelegea. Ililia kama kengele. Kisha nyuma yake mtu naye akagonga, polepole.

"Umeona haya kuniacha peke yangu, shemeji?" aliuliza bila kugeuka.

Kuligongwa tena, na safari hii mwamba ulilia kama ngoma.

Eliseo akageuka na taa. Hapakuwa na mtu. Ukutani, chini ya usawa wa goti, palikuwa na alama mpya nyeupe za chuma, vumbi lake bado likidondoka. Zilielekea mlangoni mwa mgodi. Akakimbia, na nje nako, juani, akaziona kwenye mawe.

Nolberto alikuwa amelala garini, mkate mkononi. Alama ya mwisho ilikuwa kwenye mlango wa upande wake, chini kabisa, rangi imebanduka.